Kujumlisha ni kosa? Jibu kwa dada mwenye daftari la madeni

Swali: Mwalimu, asalaam aleikum. Nina duka la nafaka hapa Malindi, karibu na soko. Juzi nilikuwa nikilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawalipi madeni. Mtoto wa dada yangu, yuko chuo kikuu, akanikatiza: "Mama mdogo, unajumlisha." Nikamuuliza, kujumlisha si hesabu? Akacheka akaenda zake. Mimi najua kujumlisha mbili na mbili, na najua bei ya jumla. Huku kujumlisha kwa maneno ni kupi? Na mbona siku hizi ukiambiwa umejumlisha ni kama umeambiwa umetukana?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Huyo kijana amekucheka bure, maana neno hilo ni la dukani kwako kabla ya kuwa la chuoni kwake. Jumla tumelitoa kwa Waarabu, na kwao lina maana ya vitu vilivyokusanywa pamoja, na pia, katika sarufi yao, ni sentensi nzima. Sisi tukalitia kwenye hesabu, tukalitia kwenye biashara. Muuza rejareja hupima kilo na nusu kilo. Muuza jumla hukupa gunia limeshonwa mdomo, na wewe unalibeba bila kuona punje za ndani.

Kujumlisha kwa maneno ni hivyo hivyo. Ni kuona vichache, kisha ukasema neno juu ya vyote vya aina ile, pamoja na vile ambavyo hukuviona. Hicho kipande cha mwisho ndicho chenyewe. Ukihesabu magunia 40 stoo ukasema yako 40, hapo umefanya hesabu tu. Ukafungua moja, ukakuta maharagwe mazuri, ukasema "haya maharagwe ya safari hii ni mazuri," hapo umejumlisha: umesema neno juu ya magunia 39 ambayo bado yamefungwa.

Sasa nikukumbushe unachokifanya mwenyewe kila lori linapoteremsha mzigo. Huondoki na gunia kwa kutazama juu juu. Unachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, unalichoma gunia ubavuni, punje zinateremka hadi kiganjani. Unazitazama: zimetobolewa na wadudu? Zina unyevu? Unanusa, na wengine huuma moja kwa jino wasikie kama inavunjika kavu. Kisha, na hapa ndipo mwenye duka hujulikana, huchomi mahali pamoja. Unachoma juu, unachoma kati, unachoma karibu na kitako, kwa sababu unajua muuzaji mjanja hutia mazuri mdomoni mwa gunia. Na huchomi gunia la kwanza lililo mlangoni peke yake. Unaenda hadi lile lililobanwa ukutani.

Bambo ni chombo cha kujumlisha. Anayekataa kujumlisha inabidi amwage gunia zima sakafuni, ahesabu punje moja moja, na jioni atakuwa hajauza hata kibaba. Kwa hiyo jibu langu la mkato kwa swali lako ni kwamba kujumlisha si kosa wala si tusi. Ukiona lawama, ni lawama juu ya mahali bambo lilipochomwa, au juu ya ukubwa wa neno lililosemwa baada ya kuchoma mara moja.

Wala hatuna namna ya kuishi bila hilo. Unawasha jiko ukijua moto utaunguza, kwa kuwa wa jana uliunguza. Mwanafalsafa mmoja Mskoti, David Hume, mnamo 1748 aliuliza swali ambalo mpaka leo halijapata jibu la kuwaridhisha wote: ni hoja gani hasa inayotuhakikishia kwamba jua litachomoza kesho, zaidi ya kwamba limechomoza siku zote tulizoziona? Mwenyewe akakiri kwamba ni mazoea yanayotubeba, na kwamba bila mazoea hayo tusingeweza kuchukua hata hatua moja. Nakutajia hilo ili mpwa wako akirudi na vitabu vyake umwambie kwamba hata wakubwa wao hujumlisha.

Lugha yetu nayo imejengwa kwa kujumlisha. Kitabu ni neno la Kiarabu, na wenyewe wakitaka wingi husema kutub. Mswahili alipolisikia lina "ki" mbele, akaliona limefanana na kijiko na kiatu, akasema vitabu, ikawa vitabu hadi leo. Wale Wazungu walioweka kibao cha "keep left" kwenye mizunguko ya barabara hawakujua watakuja kuzaa viplefti. Hakuna aliyeketi akaamua. Watu waliona maneno kadhaa yanakwenda njia moja, wakayapeleka na mageni njia hiyo hiyo.

Lakini njia hiyo ina mwisho wake, na ukiuruka mwisho huo utachekwa. Mimi kwetu ni Lamu, ingawa Malindi imeshanizeesha. Zamani alikuja kwetu mwalimu mwenzangu kutoka bara, mtu mwepesi wa kushika. Siku ya kwanza akasikia mchele kwetu ni mtele. Akasikia macho ni mato, mchanga ni mtanga, kucheka ni kuteka, nchi ni nti. Akapata kanuni: hawa watu kila "ch" wanaifanya "t". Kanuni nzuri, na ameitoa kwa masikio yake mwenyewe. Siku ya tatu, nyumbani kwa wazee, akaulizwa ametosheka, akajibu kwa furaha kwamba "takula" kilikuwa kitamu mno. Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Mama akawakemea huku naye amejifunika leso mdomoni.

Kosa lake lilikuwa wapi? Chakula kwetu ni chakula, na chombo ni chombo, na chuo ni chuo. Hiyo "ch" si ndugu wa ile ya mchele. Imetoka kwenye "ki" iliyokutana na vokali, ndiyo maana wingi wake ni vyakula, vyombo, vyuo. Ile ya mchele na macho ina asili nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa "t" kwetu. Rafiki yangu alikuwa na mifano mitano, yote sahihi, na yote ya upande mmoja wa gunia. Hakukosea kutafuta kanuni. Angekaa wiki moja zaidi kabla ya kuipeleka mezani, angeikuta nusu ya pili.

Turudi kwa sentensi yako: "Vijana wa siku hizi hawalipi madeni." Nataka tuikague kama mzigo, maana ndani yake mna jambo la Kiswahili ambalo sidhani mpwa wako alilijua.

Kwanza hukusema "wote". Wala hukusema "baadhi". Umesema vijana, basi. Neno likiachwa uchi hivyo, msikilizaji huliongezea "wote" kimoyomoyo, na msemaji akibanwa hujitetea "mimi sikusema wote". Ugomvi mwingi wa barazani ninaousikia ni huo: mmoja anagombana na neno ambalo mwenzake hakulitamka.

Pili, sisi tuna kipande kidogo cha kazi hii, nacho ni "hu". Ukisema "mvuvi huondoka alfajiri", kila mtu anaelewa kwamba ndiyo ada yake, na mvuvi mmoja akilala leo kwa homa hajakufanya mwongo. "Hu" inasema desturi bila kudai kila mmoja na kila siku. Methali zetu zimejaa "hu" kwa sababu hiyo: haba na haba hujaza kibaba, ngoja ngoja huumiza matumbo. Ila "hu" ina upungufu mmoja: haina kanusho lake yenyewe. Jaribu kuikanusha. "Vijana hulipa." Kinyume chake? "Vijana hawalipi." Na "hawalipi" hiyo hiyo ndiyo utakayoitumia kusema hawalipi kabisa, hawalipi sasa, hawalipi kamwe. Kwa hiyo wewe huenda ulikuwa na maana ya kwamba si ada yao kulipa kwa wakati. Yeye akasikia hakuna hata mmoja anayelipa. Nyote wawili mna haki, na lugha iliwaacha hapo katikati.

Dawa ni kuligeuza neno lisikanushwe: "Vijana huchelewa kulipa." Hapo "hu" imerudi. Au utumie aghalabu, au mara nyingi. Na uchunge "wote" inapokutana na "si", maana kupanga maneno tu hubadili kesi: "vijana wote hawalipi" umewafunga wote, "si vijana wote wanaolipa" umesema wapo wasiolipa, na hakuna atakayebisha. Wanafunzi wa usuli, elimu ya misingi ya sheria ya dini, kule Lamu husomeshwa mapema kutofautisha neno la aam, linaloenea kwa wote, na la khaas, lililohusishwa na wachache, kwa sababu hukumu nzima yaweza kugeukia hapo. Sisi wa dukani hatusomeshwi, lakini tunahukumu vile vile.

Hayo ni ya maneno. Sasa ya ukweli wake, yaani kama vijana kweli huchelewa kuliko wengine. Hilo mimi siwezi kukuamulia, lakini wewe una daftari. Lifungue.

Utaona kitu. Aliyelipa umempiga mstari. Na ukimpiga mstari daftarini unampiga mstari na kichwani. Hutamkumbuka tena mpaka aje kukopa mara nyingine. Asiyelipa jina lake liko wazi, unalisoma kila asubuhi, na kila ukilisoma linakuuma upya. Kwa hiyo kumbukumbu yako ni bambo linalochoma upande mmoja tu, ule ulioharibika. Si wewe peke yako, ndivyo tulivyoumbwa. Na kuna la zaidi: kijana anayekudai subira atapita mbele ya duka na pikipiki, simu mpya mkononi, muziki juu. Mzee mwenye deni la ukubwa ule ule atapita na tasbihi, atakusalimia, atakuulizia watoto. Yupi utamkumbuka jioni?

Basi hesabu na waliopigwa mstari. Nakupa mfano wa kubuni, tarakimu ni zangu. Tuseme mwaka mzima ulikopesha watu 40. Vijana 15, watu wazima 25. Vijana ambao hawajalipa ni 6, watu wazima ambao hawajalipa ni 10. Ukitazama majina yaliyo wazi tu, utaona vijana 6 na itakukera. Ukitazama daftari zima, 6 katika 15 ni asilimia 40, na 10 katika 25 pia ni asilimia 40. Ujana haujakuambia kitu chochote juu ya kulipa. Huenda daftari lako likasema vingine, vijana 10 katika 15, na hapo mpwa wako itabidi akubali kwamba mama mdogo ana hoja. Lakini bila kuwahesabu waliolipa, hakuna kati yenu anayejua.

Na hata hapo ujue unazungumzia vijana wanaokopa kwako. Wasiokopa hawamo daftarini. Wale uliowanyima mkopo hawamo. "Vijana wa siku hizi" ni neno linalofika hadi Nairobi na Kampala. Daftari lako linafika kona ya soko.

Nikupe kisa kimoja cha hapa hapa, maana wataalamu nao huteleza hapo hapo. Kuna samaki aitwaye silakanti, mkubwa, magamba magumu, mapezi yake yamesimama juu ya vishina vya nyama kama vimkono. Wanasayansi walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe, na mabaki hayo yalikoma kwenye tabaka za miaka milioni 65 hivi iliyopita. Wakasema ametoweka. Desemba 1938 meli ya uvuvi ikamleta mmoja katika bandari ya East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji ule akamwona kwenye lundo la samaki, akajua hajawahi kuona kitu kama kile. Wa pili akaja kupatikana 1952 huko Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na kumwona hana faida, maana nyama yake haipendezi. Basi ikasemwa: kumbe yuko hai, lakini makao yake ni Komoro. Mwaka 1998 akanaswa mwingine Sulawesi, Indonesia, upande mwingine kabisa wa bahari. Na 2001, dada yangu, akanaswa hapa kwetu, nje ya Malindi, kwenye wavu wa meli. Miaka michache baadaye wa Tanga wakawa wanawatoa mmoja baada ya mwingine kwenye majarife ya papa.

Kila kauli katika hizo ilitegemea vitu vilivyoonekana kweli. Mawe yalikuwepo, Komoro alikuwepo. Lakini samaki huyu mchana hukaa kwenye mapango ya chini sana, mita 100 na kuzidi, ambako mshipi wa kawaida haufiki. Bambo halikuwa limefika kitako cha gunia. Kusema "hatujamwona" kulikuwa sahihi. Kusema "hayupo" kulikuwa ni kuongeza kitu cha mfukoni.

Kwa watu ni vibaya zaidi, kwa sababu samaki hasikii unayomsema. Mgeni anafika Malindi asubuhi saa nne, anakuta wanaume wamejilaza chini ya mti ufukweni, anarudi kwao na habari kwamba watu wa pwani ni wavivu. Hakuwepo usiku walipokuwa baharini na taa, wala alfajiri walipokuwa wakishusha samaki. Mwingine huja msimu wa kaskazi baada ya mvua, wakati maji ya mto Sabaki yanasukumwa kuja upande wetu, akaona bahari ya rangi ya chai ya maziwa, akasema bahari ya Malindi ndivyo ilivyo. Angekuja kusi ikivuma, tope lile lingekuwa limeelekea Mambrui, kaskazini yetu. Hao hawakusema uongo juu ya walichokiona. Saa waliyokuja ndiyo iliyowachagulia cha kuona, nao hawakujua kwamba wamechaguliwa. Sisi nasi tunawafanyia wa bara vivyo hivyo, tusijitakase.

Kuna watu watakuletea "samaki mmoja akioza" kama ushahidi. Mimi naipenda methali hiyo inapokuwa juu ya kuandamana na watu wabaya. Lakini nenda nayo kwa mchuuzi wa samaki uone. Atafunua mashavu ya huyu aone wekundu, atabonyeza tumbo la yule, atatazama macho ya wa tatu. Anachagua mmoja mmoja, na aliyeoza anatupiwa paka. Methali zenyewe hazidai kuenea kote: tunayo haraka haraka haina baraka, na tunayo ngoja ngoja, na hakuna Mswahili anayeona zimegombana, kwa sababu anajua kila moja ina siku yake.

Sasa upande wa mpwa wako, maana naye simwachi. "Unajumlisha" siku hizi imekuwa kufuli la kufungia watu midomo. Mtu akisema sigara huua, mwingine husimama: "Babu yangu alivuta hadi miaka 90." Babu mmoja haivunji "hu". Angeivunja "wote", na hakuna aliyesema wote. Ukisema barabara fulani huleta ajali usiku, na mtu akajibu yeye hupita kila siku salama, hajakujibu, amejisimulia tu. Mwenye kutaka kukupinga kwa haki ana njia mbili: akuonyeshe kwamba ulichoma bambo upande mmoja, au akuonyeshe kwamba neno lako limezidi ulichokiona. Kukutupia neno moja na kutoka nje akicheka si mojawapo.

Ulichoniuliza kimeishia hapo, lakini najua kuna ambalo hukuuliza, nalo ni kesho akija kijana kutaka kilo tano za unga kwa deni ufanyeje. Hata kama daftari litakuambia vijana huchelewa, hilo ni la gunia. Aliyesimama mbele ya kaunta ni punje moja, na unaweza kumtazama: je, huyu mwenyewe alishakopa, akalipa lini, ana nani mtaani wa kumdhamini? Ukishindwa kumjua, weka sharti moja kwa kila mgeni, mwenye mvi na asiye na mvi, nusu taslimu nusu mwisho wa mwezi. Hapo hutamwonea mtu kwa umri wake wala hutapoteza unga.

Jambo moja tu limenibaki moyoni nikisoma barua yako. Huyo kijana wa chuo kikuu, alivyokimbilia kuwatetea wenzake haraka vile na kutoka nje kabla hujamjibu. Ukilifungua hilo daftari, hebu anza kwa jina lake.